Mrenda Uliojiotea Kwenye Miwa

Juzi kijana mmoja, jirani yangu hapa Amalemba, mtaa wa mji wa Kakamega, alinikuta nje ya nyumba nakula parachichi kwa chumvi. Ni kijana mpole, anafanya kazi ya ofisi, na ameoa si muda mrefu. Akanisalimia vizuri, kisha akaniuliza kwa heshima zote kama parachichi hilo ni la ogani. Nikamwambia ukoo wake siujui. Ninachojua ni kwamba lilianguka juu ya mabati yangu asubuhi nikadhani ni mwizi.

Alicheka, lakini alikuwa na jambo moyoni. Yeye na mkewe wameapa kula vitu visivyopigwa dawa tu, na mshahara unakatika kabla mwezi haujafika katikati. Wananunua ndizi za ogani, maparachichi ya ogani, mpaka malenge ya ogani yaliyofungwa kwa karatasi inayong'aa. Nikamuuliza sukuma wiki wanatoa wapi. Akasema sukuma, kwa kuwa pesa huwa zimekwisha, wananunua popote. Nilishika kichwa. Mwanangu, nikamwambia, umefunga mlango wa mbele kwa kufuli, na wa nyuma umeuacha wazi mbuzi wanaingia.

Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia nyinyi vijana. Niliuza mboga katika mji huu tangu nilipokuwa msichana wa kumbebea mama kikapu mpaka magoti yaliponikataza. Mambo mengi sikusoma. Lakini mboga ya kuogopa naijua, na najua ni ya kuogopa lini, maana si kila siku.

Aliyenifundisha ni Mama Perista, mwenye kibanda kilichopakana na changu nilipoanza kuuza peke yangu. Mdomo wake ulikuwa na pilipili na wateja walimpenda kwa hilo hilo. Siku zile za mwanzo nilikuwa na wimbo wangu wa kuitia wateja. Nilikuwa nikiinua jani la sukuma lenye matundu na kusema, oneni, wadudu wamekula, kwa hiyo haina dawa. Mama Perista akanisikiliza siku kadhaa, kisha akasema mbele ya watu wote, "Tundu linaonyesha mdudu alipita. Halionyeshi kama alipona."

Watu wakacheka mpaka wenye ndizi upande wa pili wakauliza kuna nini. Nilinuna siku nzima. Lakini alisema kweli, na nilikuja kuikubali pole pole, kama mtu anavyokubali miwani. Mkulima anayeona mboga yake inaliwa ndiye anayekimbilia pampu ya dawa. Tundu linaweza kuwa la wiki iliyopita na dawa ikawa ya jana.

Yeye ndiye aliyenifundisha kugeuza nyanya na kuitazama pale kikonyo kinapoingia. Ukikuta unga mweupe umejificha kwenye kibonde kile, hiyo imepigwa dawa karibuni. Mvua yetu ya Kakamega mnaijua: asubuhi jua, alasiri wingu limeshashuka. Nyanya hazipendi hali hiyo, ukungu unaziangusha shambani upesi, kwa hiyo mkulima anapiga dawa, mvua inaiosha, anapiga tena. Simlaumu, naye ana watoto. Ila wewe mnunuzi, wakati wa mvua kama una shilingi moja ya ziada, ipeleke kwa nyanya zisizopigwa dawa. Kiangazi kikija, ihamishe shilingi hiyo kwa sukuma na kabeji, kwa maana wakati huo vidukari ndio wanaotawala na pampu inawafuata huko. Spinachi na pilipili hoho zichunge majira yote.

Kitu chenye ngozi nyembamba, au kile ambacho jani lenyewe ndilo chakula, hicho ndicho cha kukiulizia. Ndizi, nanasi, papai, parachichi, malenge, mahindi ya kuchoma: ganda lake unalitupa. Nunua popote, osha, menya, kula, lala. Miti mingi ya parachichi ya huku haijawahi kuona hata maji ya ndoo, seuze dawa.

Na tafadhali, msije mkaacha mboga kwa uoga. Nilikuwa na mteja mmoja mwanamume aliyesikia habari za dawa redioni, akahamia mkate na soda asubuhi na jioni. Eti anajilinda. Nilimwambia osha sukuma yako jani kwa jani, kwa maji yanayotiririka, ukisugua kwa vidole, upate nafuu. Soda hata ukiiosha itabaki soda.

Sasa nije kwenye mboga za kienyeji, maana ndipo kuna kisa chenyewe.

Saga, mito, kunde, managu, mrenda: hizi sote tuliziamini kuliko tulivyoamini majirani zetu. Na katika hizo, ile iliyojiotea yenyewe ndiyo ilikuwa mfalme. Kama hakuna aliyeipanda, nani angepoteza dawa yake kuipiga? Ndivyo tulivyosema wote, hata Mama Perista, Mungu amrehemu, sikumbuki akibisha.

Mrenda wangu uliletwa na Bilha. Bilha ni mama wa Mayoni, huko Matungu ambako miwa inafika mpaka mlangoni. Mtu akitoka nje kunawa uso anagusana nayo. Mume wake alifariki akamwachia watoto wa shule na kipande cha ardhi kilichokuwa chote chini ya miwa, chini ya usimamizi wa shemeji yake. Hakuwa na bustani. Lakini kwao kuna desturi nzuri: miwa ni ya mwenye shamba, ila mboga iliyojiotea katikati ya mistari ni ya yule anayeinama kuichuma. Hakuna anayemfukuza mama aliyeinama. Miwa ikiwa bado midogo na mvua ikinyesha, mrenda hufumuka humo, na Bilha aliuchuma, akaufunga mafungu mazuri, akaniletea. Chakula cha watoto wake kilitoka katika mafungu hayo.

Niliuweka mbele kabisa kwenye kibanda. Nilikuwa nimepata wimbo mpya: huu haukupandwa na mtu, huu ni wa Mungu.

Aliyeupenda kuliko wote ni Rehema, msichana wa Ekero aliyekuwa amepanga hapa Amalemba na mume wake. Alikuwa na mtoto wa kwanza, aliyeanza kuonja chakula. Rehema alikuwa mtu wa adabu, kila asubuhi salamu kwanza, nyumbani hamjambo, mmeamkaje, ndipo mboga. Na kwa mboga alikuwa na swali moja tu: ina dawa? Mrenda alimsagia mtoto pamoja na kunde, akamchanganyia na obusuma, ugali wetu, uliopikwa laini. Alinipa zaidi ya bei bila kuambiwa, kwa furaha ya kupata kitu safi.

Asubuhi moja Bilha alifika, akashusha mafungu, tukapeana mulembe, salamu zetu. Nikafungua moja ili nilirashie maji, kama kawaida, na mkono wangu ukasimama. Ncha za mrenda zilikuwa zimejipinda. Hazikuwa zimenyauka, majani yalikuwa mabichi kabisa, lakini mashina yamegeuka upande na majani machanga yamejikunja kwa ndani.

Nilikuwa nimeona hivyo mara moja tu. Zamani, kunde za Mama Perista zilizokuwa kando ya shamba la jirani zilijipinda vile vile baada ya wanaume wenye pampu kupita kwenye miwa siku ya upepo. Alinipeleka nizione. Akaniambia jani likilegea ni kiu, lakini likijipinda lingali bichi, hiyo ni dawa ya magugu.

Nilipoinua macho, mkono wa Rehema ulikuwa tayari juu ya fungu.

Nililichukua. Nikamwambia mrenda wa leo umekomaa, hautamfaa mtoto, achukue malenge. Rehema akashangaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniona nikimnyima mtu kitu cha kununua. Lakini alichukua malenge akaenda. Bilha alinitazama kama niliyempiga kofi.

"Mama, huo nimechuma asubuhi hii hii," akasema. "Umekomaa wapi?"

Nikamwambia kwa sauti ya chini afunge mafungu yake yote, twende kwao. Hakuuliza tena. Alikuwa mtu wa soko kama mimi na alijua hatari yake. Kama ningesema pale mbele ya watu kwamba mrenda wa Bilha una dawa, habari ingezunguka vibanda vyote kabla jua halijasimama, na hakuna mama yeyote Kakamega ambaye angegusa fungu lake tena. Jina likichafuka sokoni haliendi mtoni kuoshwa. Watoto wangekula nini? Nilikuwa na mtoto mmoja upande huu na watoto wa Bilha upande ule.

Tulipofika Mayoni alinipeleka moja kwa moja mahali alipochuma. Njiani alikuwa akijitetea, naye alijitetea kwa moyo safi.

"Mimi nachumanga hapa miaka yote," akasema. "Hao watu wa pampu wanapitanga, ndiyo, lakini hiyo ni dawa ya nyasi. Si ya mboga. Mrenda si nyasi."

 Nikainama kati ya mistari. Magugu yalikuwa yameanza kugeuka njano, na katikati yake mrenda, kijani bado, umejipinda shingo mmoja mmoja mpaka mwisho wa mstari. Nikamwita aje aone. Nikang'oa gugu moja na mche mmoja wa mrenda, nikaviweka pamoja kwenye kiganja.

"Bilha," nikasema, "kwako na kwangu mrenda ni mboga. Kwa mwenye pampu, mrenda ni gugu. Dawa yake ilikuja kuua huu."

Alivichukua, akavigeuza. Kisha akakaa chini pale pale, kwenye udongo, na kitu cha kwanza alichosema hakikuwa habari ya soko.

"Watoto wangu wamekula huu jana."

Nilikaa naye. Nililia pia, sioni haya kusema. Watoto walikuwa wazima, tuliwakuta wanakimbizana na ingokho, kuku wa nyumbani, nyuma ya jiko, na wamekua wazima mpaka leo. Lakini mafungu yaliyotangulia yalikuwaje, yale yaliyochumwa dawa ikiwa mbichi kabla mashina hayajajipinda, hatukujua na hatutajua. Hilo ndilo lililonifundisha kwamba kujiotea si usafi. Mboga ina shamba, na shamba lina mwenyewe, na mwenyewe ana jirani. Mkiuliza, msiulize tu imepandwaje. Ulizeni imeota wapi na karibu na nani.

Mafungu yale tuliyafukia. Kisha ikabaki kazi ngumu, kwa maana kumwambia mtu acha ni rahisi ukiwa wewe umeshiba.

Nilimwambia Bilha tukaongee na shemeji yake, akakataa. Alisema ataongea mwenyewe. Nilikaa jikoni nikisikiliza sauti zao nje, ya mwanamume ikipanda, ya Bilha ikibaki pale pale ilipoanza. Shemeji alisema miwa haiwezi kung'olewa kwa ajili ya mrenda, chakula cha bure kinachojiotea. Bilha akamwambia haombi shamba. Anaomba kile kipande cha nyuma ya jiko, kwenye mwinuko, ambacho miwa yake ilikuwa mibovu tangu mwanzo na kila mtu anajua. Kama hawezi kumpa, basi aje awaeleze yeye mwenyewe watoto wa ndugu yake kwamba mboga yao ya jioni ni ile iliyopigwa pampu.  Shemeji akaomba maji ya kunywa, na mimi nikajua tumepata.

Hatukupanda mrenda mara moja. Udongo ule ulikuwa umezoea dawa, na Bilha alisema hataki kubahatisha. Alipanda malenge kwanza, kwa kuwa ganda lake hutupwa, akazungushia nyasi ndefu za nepia upande wa miwa ili imkinge na upepo wa pampu, akawa anamwaga humo samadi na jivu la jikoni. Msimu wote huo aliniletea malenge na nduma za kando ya mto, na maparachichi ya mti wa marehemu mume wake. Ilikuwa riziki nyembamba. Kuna siku alikuja na vitu vichache mpaka nikaona aibu kumpangia nafasi, lakini alikuja.

Na Rehema? Nilikuwa nimepanga nimwambie mwenyewe, taratibu, kwa maneno ya kuzunguka. Bilha hakunipa nafasi. Siku ya kwanza waliyokutana kibandani, alimvuta pembeni akamwambia yote: miwa, pampu, mashina yaliyojipinda. Akamwambia pia kwamba hajui kuhusu mafungu ya nyuma. Nilikuwa napanga nyanya, nikaziacha, maana mwanamke ana haki ya kukasirika juu ya mtoto wake. Rehema alibadilika rangi. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni mpaka nikafikiri anaondoka.

"Kila mtu katika soko hili ananiambia yake haina dawa," akasema mwishowe. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia yako inayo. Ukipanda yako, Inshallah, usimuuzie mtu kabla yangu."

Akanunua malenge. Na alingoja kweli. Mvua za mwaka uliofuata ziliponyesha, Bilha alileta fungu la kwanza la mrenda wa nyuma ya jiko, dogo, hata halikujaza kiganja, na halikufika mezani kwangu. Lilitoka mkononi mwa Bilha likaingia kikapuni mwa Rehema.

Siku hizi mnanunua kwa simu. Mnaona picha, mnatuma pesa, mboga inakuja na pikipiki na kibandiko kimeandikwa safi. Sipingi. Kuna wakulima wa kweli nyuma ya vibandiko vingine, wanaofanya kazi ngumu ya kupalilia kwa jembe pale wenzao wanapopiga dawa, na hao walipeni bila kubishana. Lakini kibandiko nacho ni wimbo, kama nilivyokuwa nao wangu. Pigeni simu muulize mwenye shamba: inaota wapi, jirani analima nini, mara ya mwisho pampu ilipita lini? Mkulima mzuri hakasiriki kuulizwa. Atawachosha kwa majibu.

Magoti yaliponishinda, watu walidhani kibanda nitamwachia mmoja wa binti zangu. Binti zangu wana kazi zao na hawajui kugeuza nyanya. Nilimwachia Bilha. Kuna waliosema Mayoni ni mbali, mtu wa huko atawezaje kufungua mapema. Basi na waende wamwone. Yeye hufika kabla ya wenye vibanda wanaoishi hapa mjini.

Jana nilitamani mrenda. Nilitaka ule wa kupikwa kwa munyu, ile chumvi yetu ya majivu, unateleza mpaka kooni bila ruhusa. Nikajikokota na bakora yangu mpaka kibandani. Bilha akanipa kigoda, tukaulizana habari za nyumbani. Mrenda ulikuwepo, fungu moja zuri limebaki pembeni ya ndoo, majani yamesimama. Nikanyoosha mkono, na Bilha akauondoa mkono wangu.

"Huo si wa kuuza, mama," akasema. "Jirani yangu alipiga pampu juzi na upepo ulikuwa unakuja kwetu. Nimekuja nao niuangalie kama utajipinda. Chukua malenge leo."

Nilimbishia. Nilimwambia mimi ni mzee, dawa itaniua wakati gani na tayari ninakwenda. Wateja wakacheka. Bilha hakucheka, wala hakunipa. Alikata malenge, akachagua kipande kizuri, akakifunga akakiweka kikapuni mwangu.

Nilirudi Amalemba pole pole bila mrenda. Yule kijana wa ofisini alinikuta njiani akapokea kikapu, akaniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia nimetoka sokoni kwa mtu aliyekataa kuniuzia mboga, na kesho nitampeleka akamjue.